Rob Cross: kutoka ufundi umeme hadi bingwa wa dunia wa vishale. Alipitia njia gani?

Waya Mwekundu

Wakuu, habari za jioni. Naomba wenye kuujua mchezo wa vishale (darts) mnisaidie, maana hapa nilipo sina wa kumuuliza.

Mimi ni fundi umeme, nipo Moshi, umri miaka 29. Mchana nafunga wayaringi kwenye nyumba za watu, jioni nakwenda klabu kurusha. Ubao wetu ni mmoja, na pale kwenye trebo ishirini, kile kipande chembamba kinachohesabu ishirini mara tatu, umechoka kiasi kwamba kishale kikiingia kinainamisha mkia, wakati mwingine kinadondoka kabla hujakihesabu. Hata hivyo tangu Pasaka nimeshapiga 180, yaani vishale vitatu vyote kwenye trebo ishirini, mara nne, na wenzangu wameanza kuniambia nimefika mahali pa kufikiria mbali.

Juzi nilikuwa kazini kwa mteja, runinga imewashwa sebuleni, wanaonyesha marudio ya fainali ya ubingwa wa dunia ya tarehe 1 Januari 2018. Rob Cross na Phil Taylor. Taylor huyu ana mataji 16 ya dunia. Cross akamfunga seti 7 kwa 2. Mwenye nyumba akaniambia, "Huyo kijana ni fundi umeme kama wewe, ndiyo maana wanamwita Voltage, na mwaka mmoja kabla ya hapo hakuwa hata mchezaji wa kulipwa." Nilisimama na bisibisi mkononi mpaka kombe likanyanyuliwa. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Ninachoomba kujuzwa: mtu anatokaje kwenye kufunga soketi mpaka kusimama jukwaani pale ndani ya mwaka mmoja? Alipita wapi? Na baada ya hapo maisha yake yamekwendaje, kwa sababu habari nyingi ninazokutana nazo zinaishia siku ile aliposhika kombe.

Nawaeleza na hali yangu ili mnijibu mkiijua. Mwaka juzi nilisafiri kwa nauli yangu kwenda mashindano mkoa mwingine, nikashika nafasi ya pili. Zawadi iliyotangazwa kwenye kipaza sauti sijaiona mpaka leo. Nikipiga simu naambiwa wiki ijayo. Mke wangu hanikatazi kucheza, ila aliniuliza swali moja: "Hivi ukiacha kazi, nani atakulipa?" Sikuwa na jibu, na bado sina.

Nawasilisha.

Mzee Mkonge

Mwanangu, nimecheza vishale tangu enzi za klabu za mashirika ya umma, najua hiyo homa unayoumwa. Nitasema mawili, mengine nawaachia wanaofuatilia ya Ulaya.

La kwanza ni huo ubao wenu. Ubao wa vishale ni nyuzi za mkonge zilizoshindiliwa kwa nguvu, ndiyo maana kishale kikichomolewa tundu linajifunga lenyewe. Ukiona kishale kinalala, nyuzi za hapo zimekufa. Legezeni ile pete ya chuma yenye namba, zungusheni ubao ili ishirini iangukie kwenye kipande ambacho hakijapigwa, hakikisheni kimekaa kwenye rangi yake, halafu mrudishe namba. Fanyeni hivyo kila wiki. Unajifunza kurusha kwenye ubao unaokudanganya, mwanangu, na mkono utashika uongo huo.

La pili, swali la mkeo ni zuri kuliko yote uliyotuuliza sisi. Usiache kazi.

Binti Pangani

Kaka Waya, salaam. Shikamoo Mzee Mkonge.

Mimi ni mtu wa Tanga lakini nakaa St Leonards, mji ulioshikana na Hastings, pwani ya kusini mwa Uingereza, na huku ndiko nyumbani kwa Rob Cross. Sijawahi kuzungumza naye, nisije nikawadanganya watu. Ninayoyajua nilifundishwa na mzee mmoja niliyekuwa namhudumia, maana kazi yangu ni kuangalia wazee majumbani kwao. Mzee yule alicheza ligi ya baa kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilipomkuta mikono ilikuwa inatetemeka, hawezi kushika kikombe kilichojaa, lakini hesabu zote ziko kichwani. Nikimtajia alama 121 za kumaliza anajibu sijafunga mdomo: trebo ishirini, trebo kumi na moja, dabo kumi na nne, maana kishale cha mwisho lazima kiingie kwenye dabo, ile pete ya nje ya alama mara mbili. Kwa miaka mitatu tuliangalia vishale pamoja kila vilipoonyeshwa. Amekwisha kutangulia, Mungu amrehemu, na kila ninapoandika habari hizi namkumbuka yeye.

Kwanza huo "mwaka mmoja". Ni kweli na si kweli. Cross alizaliwa Septemba 1990, kwa hiyo siku unayomwona na kombe ana miaka 27, na kurusha hakuanza juzi. Huku vishale ni mchezo wa baa kama bao lilivyo la barazani kwetu. Baa ina timu, timu zinatembeleana jioni za siku za kazi, mtu anarusha mpaka saa nne usiku na alfajiri anaamka kwenda kibaruani. Hapo ndipo vijana wanapopikwa, na hakuna anayewaandika gazetini.

Mwaka 2016 akaingia UK Open kama mchezaji wa ridhaa. Mashindano hayo mlango wake uko wazi: wa ridhaa wanachujana kwanza, wanaofuzu wanachanganywa na mabingwa, na kila raundi droo inapigwa upya bila kumlinda mkubwa. Mzee alikuwa akiyafananisha na Kombe la FA. Cross akafika 32 bora, akapangiwa Michael van Gerwen, Mholanzi ambaye wakati ule ndiye namba moja duniani, akafungwa. Mimi naamini safari yake ilianzia kwenye kipigo kile. Mtu wa ridhaa amesimama ubao mmoja na mkali wa dunia, ameona kwa macho yake umbali uliobaki.

Mwaka uleule akacheza Challenge Tour. Hii ni ngazi ya wale ambao hawajapata kadi. Nieleze kadi, kwa sababu ndiyo jibu la swali lako. Chama kinachoendesha vishale vya kulipwa, PDC, kinatoa kadi 128 tu. Mwenye kadi anaruhusiwa kuingia mashindano ya mzunguko kwa miaka miwili, na huko ndiko pesa na nafasi za mashindano makubwa zinakopatikana. Asiye nayo anaisaka kwenye mchujo wa mwanzo wa mwaka, au anapambana kwenye Challenge Tour mpaka awe juu ya orodha. Cross alimaliza 2016 akiwa kinara wa orodha hiyo, akapewa kadi. Ndipo mwaka 2017 akawa mchezaji wa kulipwa.

Kwa hiyo, kaka, hakuruka kutoka kwenye ngazi ya fundi mpaka jukwaani. Alikuwa na ngazi nyingine imesimikwa palepale kwao, yenye vidato, naye akakanyaga kidato kimoja baada ya kingine. Vipaji kama chako vipo Moshi, vipo Tanga, vipo Mwanza. Sisi kilichopungua ni vidato.

Mwaka 2017 wenyewe sikuuona kwenye runinga, maana mashindano mengi ya mzunguko yanachezwa kwenye kumbi zisizo na shangwe. Mbao zimepangwa safu moja ukutani, mnaanza mchana, ukifungwa mechi ya kwanza unafunga begi na gharama ni yako. Akashinda kadhaa ya hayo. Oktoba akafika fainali ya ubingwa wa Ulaya, Van Gerwen akamfunga tena, legi 11 kwa 7. Legi ni mchezo mmoja wa kushusha 501 mpaka sifuri, na legi kadhaa zinaunda seti. Akaenda kwenye ubingwa wa dunia pale Alexandra Palace, London, mara yake ya kwanza maishani, akiwa mbegu namba 20, yaani wa ishirini kwenye orodha ya wakali wanaolindwa kwenye droo.

Watu wote wanazungumza fainali. Mzee alikuwa akisema, na mimi nakubaliana naye, kwamba kombe lilipatikana kabla ya fainali. Raundi ya pili Michael Smith alimpeleka mpaka seti ya mwisho, Cross akashinda 4 kwa 3. Robo fainali Dimitri Van den Bergh naye akampeleka mpaka mwisho, Cross akashinda 5 kwa 4. Nusu fainali ilikuwa tarehe 30 Desemba, na ni nani? Van Gerwen yuleyule. Seti zikawa 5 kwa 5. Seti ya mwisho ikavutana mpaka ikabaki legi moja ya kufa na kupona. Njiani Van Gerwen alipata vishale vya kumaliza mechi akavikosa, na Cross alipopata chake akakifunga. Nakumbuka mzee alivyonyamaza. Mtu aliyekufunga ukiwa wa ridhaa, akakufunga kwenye fainali ya kwanza kubwa ya maisha yako, halafu mara ya tatu dabo yako inaingia ukiwa unajua ukikosa unarudi nyumbani.

Usiku wa fainali nilikuwa zamu. Mzee alikuwa wa Taylor, kama wengi wa rika lake. Taylor ana miaka 57, ameshatangaza kwamba hiyo ndiyo mechi yake ya mwisho. Kuna legi alipiga 180, akapiga 180 nyingine, zikabaki 141. Trebo ishirini imeingia, trebo kumi na tisa imeingia, ikabaki dabo kumi na mbili ili amalize 501 kwa vishale tisa, jambo ambalo mchezaji mkubwa anaweza kustaafu bila kulifanya kwenye fainali ya dunia. Kishale kikagusa nje kidogo ya waya. Mzee akapiga goti lake kwa kiganja.

Halafu Cross akabakiwa na 167. Hesabu hiyo hupewi nafasi ya kupumua: lazima trebo ishirini, trebo kumi na tisa, kisha bul, kile kiini cha katikati ya ubao chenye alama hamsini, hakuna njia nyingine. Mzee akanishika mkono akasema, "Anayo huyu." Trebo ishirini. Trebo kumi na tisa. Alipotamka "bul", kishale kilikuwa bado mkononi mwa Cross. Kikaingia. Yule mzee wa Taylor akaanza kupiga makofi kwa mikono ile isiyotulia, na sikumzuia ingawa usiku ulikuwa mkubwa na jirani alikuwa amelala. Wastani wa Cross usiku ule ulizidi alama 107 kwa kila vishale vitatu. Zawadi ilikuwa pauni 400,000.

Sasa kuhusu baada ya kombe. Umefanya vyema kuuliza, kwa sababu huku nako watu wanaishia palepale.

Orodha ya PDC inahesabu pesa ulizoshinda kwa miaka miwili iliyopita. Ukishinda 400,000 kwa mpigo unapaa, lakini saa inaanza kuhesabu siku hiyohiyo. Baada ya miaka miwili pesa ile inafutwa, na usipokuwa umeiziba kwa nyingine unateremka. Cross hakukaa tu. Mwaka 2019 alishinda World Matchplay, mashindano mengine makubwa, kule Blackpool kwa kumfunga Michael Smith legi 18 kwa 13, na mwaka uleule akachukua ubingwa wa Ulaya. Lakini ubingwa wa dunia uliofuata, ule ambao ile 400,000 ilikuwa inafutika, alitolewa na Kim Huybrechts seti 3 kwa 0 kwenye mechi yake ya kwanza kabisa. Mechi moja, na mlima wa pesa umeondoka kwenye jina lake. Niliwaonea huruma watu wa hapa mjini siku ile, mtu alikuwa akiingia dukani haulizi matokeo.

Akarudi. Mwaka 2021 akachukua tena ubingwa wa Ulaya, na fainali alimfunga Van Gerwen, legi 11 kwa 8. Tarehe 1 Januari 2024, robo fainali ya dunia, Chris Dobey alikuwa anaongoza seti 4 kwa 0 katika mechi ya kufikisha 5. Cross akashinda 5 kwa 4. Nusu fainali akakutana na Luke Littler, mtoto wa miaka 16, akafungwa 6 kwa 2. Ukitaka kumjifunza Rob Cross, kaka, mechi ya Dobey itakufaa kuliko ile ya Taylor. Dhidi ya Taylor kila kitu kilikuwa kinaingia. Dhidi ya Dobey hakuna kilichoingia kwa seti nne, naye akaendelea kurusha vilevile, hatua ileile, mkono uleule.

Kuhusu kuacha kazi, Mzee Mkonge ameshasema. Mimi naongeza kwamba Cross alikuwa wa kulipwa baada ya kupata kadi. Kadi ilitangulia.

Mgeni wa Nakuru

Hamjambo ndugu zangu. Nimesoma yote, dada wa Pangani ahsante sana.

Hapo kwa vidato, kuna kimoja kimeanza kuonekana huku kwetu. Desemba 2025 David Munyua, Mkenya, daktari wa mifugo, alisimama Alexandra Palace, Mkenya wa kwanza kucheza ubingwa wa dunia wa PDC. Alipangiwa Mike De Decker wa Ubelgiji. Akaachwa seti mbili kwa nunge. Hapa Nakuru tulikuwa tumejaa kwa ukumbi mmoja, wengine walishaanza kutafuta makoti. Akarudisha ya kwanza, akarudisha ya pili, akamaliza 3 kwa 2. Mimi nina miaka hamsini na mbili na nililia mbele ya watoto wangu.

Munyua hakupata nafasi hiyo kwa kualikwa. Kuna mchujo wa Afrika, unacheza, ukishinda unapelekwa. Ng'ombe wa watu alikuwa akiwatibu bado. Kwa hivyo ndugu wa Moshi, kutoka kwako hadi Nairobi ni safari ya siku moja kwa basi. Njoo ucheze na sisi. Mashindano ya vilabu huku ni mengi, kiwango kiko juu, na utajua unasimama wapi, vile Cross alijua alipokutana na huyo Mholanzi. Lakini kabla utoe nauli, uliza kama pesa ya zawadi iko tayari na nani anaishika. Mimi pia nimewahi kulipwa ahadi.

Waya Mwekundu

Wakuu, nimesoma mara mbili, mara ya pili nikamsomea mke wangu. Nilipofika pale "kadi ilitangulia" akasema, "Basi hapo tumeelewana." Sitaacha kazi.

Mzee Mkonge, jana tumegeuza ubao. Kipande kipya kinashika kishale mpaka unakivuta kwa nguvu. Tumepima pia: bul yetu ilikuwa imekaa chini. Tumeipandisha mpaka mita 1.73, na mstari tumeurudisha mita 2.37. Sote tulikuwa tunarusha karibu kuliko inavyotakiwa, sijui kwa miaka mingapi.

Binti Pangani, nina swali moja. Kupiga alama kubwa sina shida. Legi zinanishinda mwishoni. Nabakiwa na 40, nakosa, nakosa, mpaka mwenzangu ananifikia. Yule mzee alikuwa anasemaje kuhusu dabo?

Binti Pangani

Alikuwa anasema watu wanafanya mazoezi ya kile kinachopigiwa makofi.

Ukibakiwa na 40 unalenga dabo ishirini. Ukiingia ndani badala ya kwenye pete, umepata ishirini moja, zimebaki 20, ni dabo kumi. Ukikosa tena vilevile zimebaki 10, dabo tano. Ukikosa tena zimebaki 5, namba isiyogawanyika, na sasa lazima upoteze kishale kupiga moja ili urudi kwenye dabo mbili. Lakini ukipanga mapema ubaki na 32, dabo yako ni kumi na sita: ukikosa kwa ndani inakuwa nane, kisha nne, kisha mbili, kisha moja. Inagawanyika mpaka mwisho. Kwa hiyo kazi ya kumaliza inaanza ukiwa bado na mia na kitu, si ukiwa na 40.

Fanya hivi: rusha vishale mia kwenye dabo kumi na sita kila jioni, kabla hujagusa trebo, uandike vingapi vimeingia. Usiandike vilivyokaribia.

Waya Mwekundu

Nimeanza jana. Nimeandika kwa penseli ukutani, kando ya ubao, mwenye klabu kanikubalia.

Jana 11. Leo 14. Na nimeona kitu: vingi ninavyokosa vinatoka nje kwa chini, havikai ndani. Nadhani ni kwa sababu bul imepanda na mkono bado unakumbuka pale pa zamani.

Mzee Mkonge

Ndiyo hiyo, mkono haujahama. Usiurudishe ubao chini. Ukifika 25 niambie, nitakutumia vishale vyangu vya shaba, mimi macho hayaoni tena waya.

Mgeni wa Nakuru

Na mimi nakutumia ratiba yetu nikishaipata. Kuja na hao wenzako wawili watatu, nauli itakuwa nafuu mkikodi pamoja.